Kuhusu Trela Yako na Mazutu ya Kufika Bukavu

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 14 Novemba 2011,
mwaka wa kumi na tano tangu niiache Bukavu

Kwa Bwana Zénon, mwenye pikapu, Area 25, Lilongwe
Nakala: dada yangu Ernestine, mama yako, Bukavu

YAH: UNYWAJI WA TRELA

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu, pamoja na heshima anayostahili mwenye gari katika msimu huu wa uhaba wa mafuta, naomba uipokee barua hii kama malalamiko rasmi. Ningekupigia simu, lakini kila nikianza jambo zito unasema, "Mujomba, rezo iko mubaya," kisha unapotea pamoja na mtandao. Karatasi haikatiki.

Wewe na mama yako mmekubaliana, bila kuniuliza, kwamba nirudi nyumbani. Yeye ameniambia: "Kaka, nyumba ya papa iko inakungoja. Zénon atakuvuta na trela yake mupaka ku mulango." Sikumbishia. Mimi ni mtu wa hoja, na hoja zangu zote ni za mazutu, hiyo dizeli yako.

1. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita ulikuja na trela kuchukua nusu ya vitu vyangu, vikangoje kwako siku ya safari kubwa. Tangu hapo nalala kwenye mkeka, lakini hilo si lalamiko langu. Nilipanda mbele nikiwa na kazi moja: kutazama mshale wa mafuta. Pikapu yako ikiwa peke yake hutembea kilomita kumi kwa lita. Wewe mwenyewe ulijisifu hivyo mbele ya wazee wa kanisa. Siku ile, ikivuta kitanda, kabati na masanduku manne ya vitabu, ilitembea tano. Kwenye mlima ulirudi gia ya pili, na kadiri sisi tulivyopanda, mshale ulishuka. Kijana wa kabaza, hizi teksi za baiskeli, alitupita akiisukuma baiskeli yake kwa mkono, akatuambia "zikomo", asante ya hapa, kana kwamba tumempisha kwa hiari.

2. Majirani. Unaijua desturi yetu: anayerudi nyumbani harudi peke yake, hubeba vya watu wote. Habari za trela zilipoenea, Gloriose aliniletea gunia la maharagwe la mama yake kule Bujumbura. Bucumi akaleta cherehani ya miguu ya dada yake wa Uvira, chuma kitupu. Wanakwaya wakaleta ngoma mbili na salamu ndefu. Nilipowaeleza habari za mazutu, jirani yangu Nsabimana, yule seremala, alinicheka hadharani: "We muzee, umesoma bure! Trela haina injini. Itakunywa mazutu na kinywa gani?" Watu wakapiga makofi. Naye akaona ameshinda, akaenda kuleta mlango wa mbao, pamoja na fremu yake, wa kumpelekea kaka yake.

3. Hapa naomba usome polepole. Kutoka hapa hadi Bukavu, kwa kupitia Karonga, Mbeya, Kigoma na Uvira, ni kama kilomita elfu mbili. Kwa kilomita tano kwa lita, tunahitaji lita mia nne. Tangi lako linachukua themanini. Wewe unayepanga foleni Kanengo tangu alfajiri ili upate lita ishirini unajua kwamba vituo vya njiani si vya kuaminiwa. Basi lita zinazobaki lazima zipande kwenye trela, ndani ya mapipa. Lakini mapipa ni mazito kuliko kabati langu. Trela ikiwa nzito, gari litakunywa zaidi. Likinywa zaidi, tutaongeza pipa. Pipa likiongezeka, trela itakuwa nzito zaidi. Kila nilipoirudia hesabu, ilibidi nipunguze mzigo. Kwanza nilitoa kitanda, halafu kabati. Vitabu nilivitoa kwa uchungu. Mlango wa Nsabimana niliutoa bila uchungu wowote. Bado haikutosha. Mwishowe ilibidi nijitoe mimi.

Matokeo ni haya: trela yako inaweza kufika Bukavu, mradi isibebe kitu kingine isipokuwa mazutu ya kuivutia trela. Mama yako atafungua nyumba ya baba, atakuta mapipa matupu yamejipanga kwa adabu, na mimi nitakuwa bado nimesimama hapa nikiwapungia mkono.

4. Hili halimo katika hesabu. Mke wangu Véronique amelala upande wa juu wa makaburi ya hapa. Kila Jumapili baada ya ibada mimi hupita pale kung'oa majani. Kazi hiyo sijui nitaipakia wapi.

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, trela ifunguliwe nyuma ya gari leo hii, isivutwe tena na mtu yeyote, kwenda popote, kwa sababu yoyote. Kila lita inayopotea kwa ajili yake ni aibu mbele ya watu wanaolala kwenye foleni. Ukiona haya kuiuza, fugia kuku.

Msalimie mkeo Annie na watoto, na vijana wote wa mtaa walionisaidia kushusha kabati. Mama yako msomee barua hii kwenye simu; ukifika namba nne, usikimbie.

Wako katika undugu na hesabu,
Mjomba wako Bisimwa

Nyongeza: Jumamosi hii njoo na trela. Bucumi na Nsabimana wamenisaidia kuinua kuta za chumba cha pili, na mvua ziko karibu. Mabati yananingoja kwenye ghala moja pale Kanengo, si mbali na kwako. Pakia pia kitanda, kabati na masanduku yote ya vitabu. Mlango usilete, Nsabimana ameupachika ule wake, anasema kaka yake atasubiri. Mazutu yasikutishe. Jaza matairi upepo, nenda taratibu, na ukumbuke kwamba trela haina injini. Chumba cha pili ni cha mama yako, akija kunitembelea. Mimi sirudi.