Nyumba Iliyokubali Kodi

Jumatatu, 10 Septemba 2012

Nimeitwa ofisi ya baraza la mji. Mimi, Aiuba, muuza barafu. Nilivaa shati langu la sikukuu ya Idi.

Dona Neusa ndiye afisa wa kodi, mgeni kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Amesema baraza linataka kupandisha kodi ya nyumba. Tangu gesi ionekane huko baharini, wageni wanagombania hata vibanda. Thamani ya nyumba imepanda, kodi nayo lazima ifuate. Ila kwanza yatakiwa maoni ya wananchi, na anatafuta mtu wa kuzunguka mtaani kwetu kuuliza.

Nikauliza maoni yanayotakiwa ni yapi. Akanitazama kama mtu aliyepata jamaa ugenini. Akasema mtaa hauna katibu tangu yule wa zamani apate kazi ya ulinzi Palma, na mtu mwelewa anaweza kufikiriwa.

Katibu wa mtaa. Muhuri wangu. Kiti cha mbele kwenye kila harusi.

Amenipa na neno la kuwalainisha watu: anayelipa kodi ya nyumba ndiye mwenye nyumba. Nimelikariri njia nzima. Nilipomwambia mke wangu Zuleica, alisema nisogee, namzibia mwanga.

Jumanne, 11 Septemba

Maoni ya wananchi: hawataki.

Nilianza na dada yangu Rachida kwa kuwa yuko karibu, chumba cha pili cha nyumba hii hii aliyotuachia mama. Amesema yule mnunuzi wa Maputo anayeitaka nyumba yetu bado anazunguka kama inzi. Kodi ikipanda tutashindwa, tukishindwa tutauza, na tukiuza yeye akalale wapi, ndani ya sanduku langu la barafu? Machozi yalimlengalenga. Kisha akafunga mlango.

Ancha muuza mihogo atalipa siku njia yake itakapopata taa. Mzee Momade alijifanya kiziwi mpaka nilipotaja barafu ya bure.

Mbaya zaidi ni Bernardino, fundi cherehani, mtu wa bara, wa Mueda. Ana kipaza sauti cha mkono, na ukatibu anautaka yeye pia. Anapita akitangaza kwamba kodi hii ni ya kututoa tuwapishe wageni. Watu wanampigia makofi. Mimi wananipigia milango.

Jumatano, 12 Septemba

Mafanikio, kutoka pale nisipopatarajia.

Adhuhuri nilifika nyumba ya mwisho, ya upande wa mikoko. Ile ya mawe, iliyofungwa tangu wenyewe waondoke wakati wa uhuru. Kufuli limekuwa donge la kutu. Nilitaka kivuli tu. Mtaa ulikuwa kimya, hata kunguru hawakulia. Nikabisha kwa sababu mkono ulishazoea.

Nyuma ya dirisha, mwanamke mtu mzima akaitika.

"Karibu. Hatufungui, vumbi litaingia."

Nikaeleza habari ya kodi, nikingoja matusi.

"Tunakubali," akasema.

Nikamwomba arudie.

"Tunakubali. Zamani tulikuwa tunalipa, wao ndio walioacha kuja kuchukua. Anayelipa ndiye mwenye nyumba, au sivyo?"

Nikasema ndivyo hasa. Sikujua neno la Dona Neusa limeshafika huku.

Akauliza mimi ni wa nyumba ipi. Nikamwambia ile ya mlango wa bluu, nyuma ya msikiti.

"Kwa Bi Muaziza. Hajambo?"

Mama yangu tulimzika miaka mingi iliyopita. Nikasema hajambo. Si adabu kumsahihisha mtu mzima aliyekwisha kukubali kodi.

Nilipoinuka nikaona mchanga mbele ya baraza umefagiwa. Mistari ya ufagio bado mibichi, na juu yake nyayo zangu tu. Watu safi sana. Raia wa namna hii ni wachache.

Alhamisi, 13 Septemba

Dona Neusa nusura alie kwa furaha. Mitaa yote ya mji, nyumba iliyokubali ni hii moja. Kuna mkutano Jumamosi shuleni, niwalete waseme mbele za watu.

Nyumbani Zuleica aliposikia aliacha kupepeta mchele. Akasema nyumba ile haikai mtu, hata mbuzi haingii. Nikamwambia ndiyo maana wana nafasi ya kufikiri. Mzee Momade, aliyekuwa akinywa kahawa barazani, ghafla alisikia vizuri kabisa. Akaniuliza kama walitaka kujua ninakaa wapi.

"Walitaka," nikasema.

"Ukawaambia?"

"Nikawaambia."

Akaondoka, akaiacha kahawa yake.

Mchana nikarudi kwa marafiki zangu wa nyumba ya mawe. Nikauliza Jumamosi watakuja wangapi.

"Wote."

Wote wa nyumba hii?

"Wa hizi zote, mwanangu. Kila nyumba ina wenyewe."

Alipokuwa akisema nilisikia miguu peku ikisogea sakafuni, kama chumba kizima kinakaribia dirisha kusikiliza. Harufu ya udi ikatoka kwenye nyufa. Nilipata baridi, nadhani kwa sababu ya kushika barafu asubuhi. Nikawashukuru, nikatembea haraka kidogo.

Ijumaa, 14 Septemba

Nimeshika madawati yote ya nyuma shuleni. Nimefunga kamba asikae mtu.

Bernardino amenifuata baada ya sala, bila kipaza sauti. Mkristo, lakini alinisubiri nje ya msikiti kwa heshima. Alisema polepole kwamba kwao huko bara hawabishi hodi kwenye nyumba tupu, kwa maana anayebisha ndiye anayekaribisha. Akaniomba niachane na jambo hili, hata ukatibu nichukue mimi, yeye anajitoa.

Wivu umemfikisha pabaya. Nimemwambia tutaonana mkutanoni.

Jumamosi, 15 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Shule ilijaa, watu wamesimama mpaka madirishani. Madawati yangu ya nyuma matupu. Bernardino alisema, Ancha akasema, kila mmoja hataki. Rachida naye akainuka, dada yangu asiyesema mbele za watu. Alisema nyumba yetu ina vyumba viwili na bati bovu, lakini ndimo alimozaliwa, na hana mlango mwingine duniani. Mimi nilikuwa nikiangalia mlangoni, wageni wangu wamechelewa.

Dona Neusa akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama yupo hata mmoja anayekubali.

"Tunakubali."

Ilitoka nyuma. Watu wakageuka. Kamba ilikuwa imefungwa vilevile, madawati hayana mtu, jua linaingia hadi chini yake.

"Tunakubali," zikasema sauti nyingi, za wanawake, wanaume, hata watoto, kwa utulivu wa watu wanaoitikia dua. "Tutalipa. Na anayelipa ndiye mwenye nyumba. Tunarudi."

Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Watu walisimama wakatoka, mmoja mmoja, wakiwashika watoto mikono. Dona Neusa alikuwa ameshika meza.

Nami nilipofika mlangoni, sauti moja ikatoka karibu na sikio langu, naijua kuliko zote.

"Aiuba, umekula?"

Nikajibu bado. Nilijibu kabla sijafikiri.

Jumapili, 16 Septemba

Asubuhi nyua zote za mtaa zilikuwa zimefagiwa, na hakuna aliyefagia. Ancha alikuta moto jikoni kwake umeshawashwa. Kwa Mzee Momade, mtu alikuwa akikohoa chumbani, na Momade anakaa peke yake.

Baraza la mji limetangaza kwamba habari ya kodi imeondolewa kabisa. Dona Neusa amerudi Pemba kwa gari la kwanza.

Shehe Amisse amepita nyumba kwa nyumba kusoma dua. Baada ya dua mwenye nyumba lazima atamke kwa kinywa chake: kodi hii sikuitaka, na mgeni sikumwalika. Kila aliyetamka, nyumba yake ilitulia. Bernardino alimbebea shehe chetezo mtaa mzima, jasho likimtoka.

Kwetu kumetokea tatizo. Aliyealika ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye wa kutamka. Nikafikiri. Baraza linaweza kubadili mawazo, Dona Neusa anaweza kurudi, na mimi nitakuwa nimekana maoni yangu mbele ya mashahidi. Kiongozi hageukigeuki. Nikamwambia shehe nitatamka kesho.

Rachida alinisihi. Alinishika kanzu kama tulipokuwa wadogo. Nikasema kesho.

Jumatatu, 17 Septemba

Zuleica na Rachida wamekwenda Olumbi kwa shangazi, na magodoro. Rachida alikuta mtu amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama, amempa mgongo, anakunja nguo. Dada yangu alinipita. Aligusa mlango wa bluu kwa kiganja, akapanda chapa, basi dogo la abiria.

Nikaenda kwa shehe, niko tayari kutamka. Akasema muda umepita. Wameshalala ndani.

Nyumba imejaa. Siwaoni, ila kila nikitaka kukaa, mahali pana joto la mtu aliyetoka kuinuka. Chakula kipo kimefunikwa. Wali wa nazi, kama wa zamani. Nilikula nikilia, sijui kwa nini. Kisha yule mwanamke wa nyumba ya mawe akaniuliza, kwa upole, nitaondoka lini, maana kwa Bi Muaziza sasa pamebanana.

Jumatano, 19 Septemba

Palma. Nimefikia kwa binamu yangu Latifo. Amenipa mkeka na ushauri. Nimepokea mkeka.

Wamemchagua Bernardino katibu. Wamfaidi.

Huku kuna nafasi kubwa zaidi. Kuna vijiji vinavyotakiwa kuhama kupisha kiwanda cha gesi, na bwana mmoja kijana, Januário, anatafuta maoni ya watu. Hapati anayekubali. Nimemweleza uzoefu wangu: mimi nilileta watu wengi waliokubali kwa kauli moja, wasiodai soda wala nauli. Ameniandikia namba ya simu.

Nikamuuliza Latifo kama hapa karibu kuna nyumba ya zamani isiyokaliwa na mtu. Aliniangalia sana. Nikamwambia ni kazi ya serikali. Akanionyesha, akakataa kunisindikiza.

Naandika haya nimekaa barazani pa nyumba hiyo. Ni adhuhuri, pametulia, upepo hakuna. Nimeshabisha. Ndani wameniambia nisubiri kidogo, hawa wao wanafungua.