Nilivyouchora Mtungi wa Bibi

Leo nimeadhirika, wenzangu wa chuo. Nawaandikia sasa hivi, kabla sijapata nguvu ya kuona haya vizuri.

Mnaukumbuka mtungi wa bibi, ule wa kijivu uliokuwa mezani kwangu hapa Kamunyonge tangu tulipomzika kule Butiama. Ukoo ulikaa, ukaamua mtungi ni wa mdogo wangu Nyangeta, kwa sababu ndiye aliyepewa jina la bibi. Sikubisha. (Nililia jikoni, lakini sikubisha.) Nikasema basi, kabla haujaenda kwake Bunda nitauchora. Nibaki hata na picha yake.

Rangi ziko wapi? Dukani sabuni ndiyo kwanza imeanza kuonekana tena, nani atakumbuka rangi za mwalimu wa sanaa? Nikakata gunia la unga, nikalipaka uji wa muhogo mpaka likakakamaa. Nikatia mtungini matawi ya mkwaju na mgunga. Kwa kijani nilitwanga majani ya mwarobaini. Kwa weusi, masizi ya sufuria. Ila kijivu cha mtungi kilinitesa wiki mbili nzima. Majivu yalipauka. Udongo wa ziwani ulipasuka. Mwishowe nikajaribu pemba, ule udongo wanaoutafuna wajawazito. Nikausaga, nikauchanganya na uji kidogo. Jamani! Mtungi ulitoka hadi ungedhani unaweza kuushika. (Nilijisifu peke yangu chumbani, tena kwa sauti.)

Leo Nyangeta kaja kuuchukua. Ana mimba ya miezi minane, basi limemchosha, miguu imevimba. Nikamlaza chumbani, kule kule nilikoiweka picha chini ya kanga. Mimi nikaenda kuchemsha chai, maana nilikuwa nimemwalika mwalimu mkuu, yule anayesema kuchora ni kumaliza chaki bure, pamoja na jirani yangu Mama Wegesa. Nilitaka washuhudie.

Walipokaa nikaileta picha sebuleni na kanga yake. Nyangeta akaja nyuma yangu. Nikatoa hotuba. Ndiyo, hotuba, mimi niliyechoka hivi! Nikamtaja na bibi. Nikavuta kanga huku nimewakazia macho wageni, nisikose kuona watakavyoduwaa.

"Tazameni huo mtungi," nikasema. "Tazameni ulivyotulia."

Waliduwaa kweli.

"Mtungi upi, Mwalimu?" mwalimu mkuu akauliza.

Nikageuka. Matawi yalikuwepo yote, jani kwa jani, yanaelea hewani. Chini yake gunia tupu, bado bichi.

Mama Wegesa hakuitazama picha. Alikuwa anamtazama Nyangeta mdomoni.

"Nyangeta," nikaita taratibu, "mtungi uko wapi?"

"Dada, usinikasirikie. Pemba nakulaga kila siku, na hiyo harufu nimeisikia tangu mlangoni. Nikasema nilambe kidogo tu, hapo pembeni. Nikashtukia nimeumaliza."

"Na majani?"

"Nilionja, dada. Hayaliki."

Chai ikamtoka mwalimu mkuu puani. Alipopata pumzi akasema ameona michoro mingi kazini, lakini huu ndio wa kwanza kumshibisha mtu.

Nilitaka kugomba, jamani. Wiki zangu zote zile! Lakini alisimama pale mkono tumboni, machozi yanamlengalenga, na nilikuwa nimechoka mno. Nikakaa chini, nikalia kidogo mbele ya wageni. Kisha nikaufunga mtungi wenyewe kwa ile kanga, nikamsindikiza hadi stendi.

Sasa nimerudi, meza tupu, ukutani matawi yasiyo na pa kukaa. Naomba msinicheke: mdogo wangu kaondoka na mitungi miwili ya bibi, mmoja mkononi, mmoja tumboni.