Mahameli Ziwani

Jumapili, 3 Agosti

Zimebaki siku sita. Jumamosi ukoo mzima wa mke wangu unakwenda ziwani, kama kila mwaka. Kila mwaka naaibika. Mwaka huu siaibiki. Naandika hapa ili pawe na ushahidi.

Utaratibu wao ni huu. Tunafika asubuhi. Wenye roho ngumu wanavutwa na boti ya injini huku wamesimama juu ya mbao mbili. Tunakula. Alasiri yanakuja mashindano ya boti za pedali, kila boti mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Mtoto ndiye anayechagua. Anavua kofia yake na kumvisha mtu mzima anayemtaka. Mama mkwe ndiye aliyeanzisha, na hakuna wa kumwambia aache.

Mwaka jana binti yangu, ambaye sasa ana miaka tisa, alinijia na kofia mkononi. Nikainamisha kichwa. Akanipita. Akamvisha Nahodha.

Nahodha si nahodha. Ni mwalimu wa udereva, mume wa mdogo wake mke wangu. Jina kapewa na watoto kwa sababu hajawahi kuanguka kutoka kwenye zile mbao. Huniita kaka mkubwa, tena kwa adabu zote, na hapo ndipo anaponikera zaidi. Yeye na binti yangu walishinda. Mimi nilikanyaga pedali na kapu la vyombo. Tukawa wa mwisho, kapu na mimi.

Kikwazo ni kimoja tu: sijui kuogelea. Na binti anaamini nilikuwa bingwa wa kuogelea shuleni. Nilimwambia mwenyewe akiwa na miaka mitano, ili alale. Uongo ule umekua pamoja naye. Akiniuliza mbona siingii majini, namjibu kwamba bingwa akishastaafu amestaafu.

Naitaka ile kofia. Sitaki kingine.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi yameanza! Nimefunga mlango wa karakana nusu. Nimebandika ukutani ukurasa wa gazeti la zamani wenye picha nane za mtu anayejifunza kuogelea. Nimelala kifudifudi juu ya stuli, mikono mbele, miguu nyuma. Picha ya kwanza hadi ya tatu nimezimudu vizuri. Ya nne inataka maji.

Katikati ya mateke akaingia Mwalimu Mkuu. Mama huyu kaniletea makochi yake saba niyavishe mahameli mpya, rangi ya damu ya mzee. Akauliza ninafanya nini. Nikasema napima springi. Akasema amefurahi kumpata fundi makini, basi nizipime za makochi yote. Akavuta kiti, akakaa kusubiri.

Nimeogelea juu ya makochi saba. Kiuno hakina hali.

Nikiwa kwenye la tano, binti alileta chakula changu cha mchana. Alisimama mlangoni kidogo, akaweka bakuli juu ya cherehani, akaondoka. Nadhani hakuona.

Jumatano, 6 Agosti

Wazo! Tena wazo la kifundi. Kwa nini nijifunze kuelea ilhali mimi ni fundi makochi? Karakana imejaa sponji. Sponji inaelea, mtoto mdogo anajua.

Nimeshona majaketi mawili ya kujiokolea, langu na la binti. Sponji ya inchi nne, mishono miwili miwili, vifungo vya kuvutia. Kwa kitambaa nimetumia mahameli iliyobaki ya Mwalimu Mkuu. Haikubaki nyingi. Ilibidi nichukue na ile ya mgongo wa kochi la saba, lakini mgongo unaelekea ukutani. Nani atachungulia?

Jaribio: nimeweka kipande cha sponji kwenye ndoo ya maji na kuhesabu. Nimefika sitini kinaelea tu. Mteja akaja, nikaacha. Niliporudi kilikuwa kimezama. Bila shaka kuna mtu alikigusa.

Alhamisi, 7 Agosti

Kampeni. Nimemnunulia binti kofia mpya ya pama. Nimechagua kubwa makusudi. Nahodha ana kichwa kidogo, kofia hii itamfunika mpaka mdomo. Mwenye kichwa cha kuitosha katika ukoo huu ni mimi peke yangu.

Binti ameivaa. Imemshuka hadi kidevuni. Akasema asante, baba, kutoka humo ndani.

Mke wangu akanitazama kwa muda mrefu. Akasema mtoto hahitaji bingwa, anahitaji baba anayekaa kitako. Nimemwambia mambo ya mikakati hayajui. Amekubali upesi mno.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimejifunika blanketi. Nitaeleza yote kwa mpangilio.

Asubuhi njema. Ziwa limetulia, upepo kidogo, ndege wamejipanga kwenye gati. Msimamizi wa boti ni mama mmoja wa makamo mwenye filimbi shingoni. Alilibonyeza jaketi la binti kwa vidole viwili, akauliza limetoka sebule ya nani. Akalikataa. Akampa la kwake, la rangi ya machungwa. Mimi langu nilikuwa nimeshalivaa ndani ya shati, kwa hiyo hakuliona. Akanivisha la machungwa juu yake. Nikawa na majaketi mawili na kifua kipana kabisa. Nahodha akasema kaka mkubwa umenawiri.

Nahodha akavutwa na boti, akazunguka ziwa mara mbili, akapunga mkono. Hakulowa hata nywele. Wakanigeukia mimi. Nikasema bega linauma. Mama mkwe akauliza bega lipi. Nikashika yote mawili.

Tukala. Halafu ukafika wakati wa kofia.

Wana wawili wa Nahodha wakaanza. Mkubwa akamvisha bibi yake, mdogo akamvisha baba yake. Binti akasimama. Kofia ilimziba macho, akaja kwa kupapasa. Akapita kwa mama yake. Akasimama katikati yangu na Nahodha. Nahodha tayari ana mtoto, nikajikumbusha, lakini mwaka jana pia alikuwa naye na mtoto akahamishwa. Sikuinamisha kichwa safari hii. Niliogopa.

Akaivua. Akanivisha mimi.

Ilinitosha barabara. Nilikuwa na tonge la mwisho mdomoni na nikasahau kutafuna. Sijui lini nimefurahi hivyo.

Kabla ya kupanda boti binti alikwenda kuongea na mama wa filimbi. Wakaongea sana, wakaonyeshana hili na lile kwa vidole. Nikadhani anamwomba boti yenye kasi. Damu yangu hiyo, nikajisemea.

Filimbi ikalia. Njia ni kwenda hadi boya jekundu na kurudi. Usukani alishika binti, mimi miguu. Nahodha akakata moja kwa moja katikati ya ziwa. Mama mkwe naye nyuma yake, akikanyaga kwa utulivu wa kutisha. Sisi tukashika pembeni, kando ya matete. Nikamwambia twende katikati. Akasema huku kuna kivuli. Hakukuwa na kivuli. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, yeye akazidi kuyafuata matete. Nahodha akalizunguka boya. Mama mkwe akalizunguka boya! Nikaona kofia yangu inageuka kuwa kapu.

Ndipo niliposimama ili nichukue usukani.

Boti zile hazisimamiwi. Nimelijua hilo nikiwa tayari majini.

Mwanzo nilielea, sitasahau. Kama sekunde mbili hivi. Halafu sponji ikaanza kunywa. Ilikunywa bila kupumzika. Jaketi la nje linanivuta juu, la ndani linanivuta chini, na mimi nipo katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Kisha mahameli ikachuja rangi. Maji yakawa damu ya mzee pande zote. Mama mkwe alikuwa amempita Nahodha na ndiyo kwanza anafika mwisho wa mbio. Akageuka, akaona yale maji, akapiga yowe kwamba mkwe wake ameliwa.

Nahodha akageuza boti. Akaja mpaka karibu, akasimama, kamba mkononi. Hakuruka. Nimeliweka hilo akilini. Aliitupa, ikanipiga usoni.

Binti alikuwa ameinama ukingoni mwa boti yetu, karibu kabisa na sikio langu.

"Baba, simama."

Nikamwambia bingwa hasimami.

"Baba. Simama tu."

Nikasimama. Maji yalinifika kifuani.

Walihitajika watu wanne kunipandisha gatini. Mke wangu na mdogo wake walilivua lile jaketi na kulikamua, mmoja huku, mwingine kule. Ndoo mbili na nusu. Mama wa filimbi alihesabu.

Jumapili, 10 Agosti

Jaketi lipo kwenye kamba ya nguo, bado linatona. Binti amekuja kukaa nami kibarazani. Nikamuuliza, kwa upole, kwa nini alitupitisha kwenye matete ilhali tungeweza kushinda.

Akasema alimuuliza yule mama ni wapi maji hayazidi kifua cha baba. Akaonyeshwa ni kando ya matete, hadi karibu na boya. Akafuata hapo.

Nikauliza alijua tangu lini kwamba siogelei. Akasema tangu kochi la tano.

Sasa kwa nini akanivisha mimi kofia, akamwacha Nahodha? Alifikiri huku anachezea kamba ya kiatu.

"Baba mdogo ana watu. Wewe mwaka jana ulikaa na kapu. Ungeanguka, kapu lingekushika?"

Nimelia. Hii shajara ni yangu, naandika nilivyo. Sikujua kama mwaka mzima mtoto huyu alikuwa anawaza kuhusu mimi na kapu. Kanichagua akijua kila kitu, na kaacha ushindi kwa ajili yangu. Nimemshika mkono, nikamwahidi kwamba sitamdanganya tena, yeye wala mtu yeyote, hata kwa jambo dogo. Akasema sawa. Akaniletea kitambaa cha kufutia pua.

Mke wangu akatokea mlangoni. Amesema ahadi ni nzuri, lakini na kuogelea nijifunze. Wiki hii hii. Kuna bwawa la kuogelea nyuma ya soko, wana mwalimu.

Nimekubali. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepeleka makochi. Nikayapanga mwenyewe, la saba nikalisukuma hadi ukutani. Mwalimu Mkuu akasifu. Akasema chumba kimependeza, ila hilo moja analitaka katikati, watu wapite nyuma yake. Nikasema kitaalamu halifai kukaa katikati. Akauliza utaalamu gani. Akalivuta.

Mgongo nilikuwa nimeuvisha gunia la kufungashia sponji, lenye maandishi. Ameyasoma yote kwa sauti, mpaka uzito. Kanipa hadi Ijumaa niuvishe mahameli.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimejiandikisha bwawani. Binti amenisindikiza, kanishika mkono njia nzima.

Kuna madarasa mawili. La wanaoanza, upande wenye maji machache. La wazoefu, upande wa kina. Unamwambia karani, anaandika, basi. Nilikuwa nimejiandaa. Neno lenyewe nimelifanyia mazoezi tangu nyumbani: naanza, naanza, naanza.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Nahodha.

Alinisalimu kwa adabu zake zote. Halafu akamwambia karani, bila kupunguza sauti, kwamba hajui kuogelea kabisa. Kwamba Jumamosi kaka yake mkubwa alianguka majini na yeye akabaki kusimama kwenye boti na kamba mkononi, na tangu siku hiyo hapati raha. Aandikwe darasa la wanaoanza. Watu wote wa foleni walisikia. Hakuona aibu hata chembe.

Nilisimama pale nikimtazama. Miaka yote hii! Nahodha hajui kuogelea!

Karani akanigeukia. Na mimi je?

Binti akanibana mkono. Nahodha naye akageuka kusikiliza.

"Wazoefu," nikasema.

Hatimaye nimemshinda! Darasa zima juu yake! Nahodha alinipongeza, akasema alijua tu kwamba siku ile nilighafilika. Nimemwambia asikate tamaa, ataniuliza lolote atakalo.

Binti alimuuliza karani upande wa wazoefu maji yana kina gani. Mita tatu. Akauliza kama mtoto anaruhusiwa kukaa ukingoni. Anaruhusiwa. Akauliza kama anaweza kuja na kamba.

Somo la kwanza ni Jumamosi. Sina wasiwasi. Nimeichunguza ajali ya ziwani kwa kina na kosa nimelipata: inchi nne za sponji zilikuwa chache. Nimeshakata za inchi sita.