Mti Ulio Kando ya Bwawa

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu wangu,

Asubuhi nimehesabu majani yanayoelea bwawani. Nilipofika mia mbili na kumi upepo ukavuma, nikaacha.

Binti yetu alikuja kabla sijamaliza chai. Sauti yake siku hizi ni yako, ile ya kusimama ukingoni ukiwaambia watoto wapige miguu, si midomo. Habari ya kwanza ilikuwa njema: Jumamosi saa nne anafungua tena masomo yako ya kuogelea. Watoto sita wameshajiandikisha. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai mapajani.

Habari ya pili. Majani yameziba chujio la pampu mara tatu mwezi huu. Ijumaa jioni anakuja kukagua, pamoja na fundi wa msumeno. Wakikuta maji safi, fundi anarudi kwake. Wakikuta majani, mti unakatwa.

Mti wako! Ule uliouleta ndani ya kopo la maziwa, umeupakata kama mtoto, ili akina mama wapate kivuli wakiwasubiri wanao. Nikasema mti huu haukatwi nikiwa hai. Akasema basi, baba, chukua wavu uyachote kila asubuhi, robo saa tu. Nikamwambia aniachie mimi. Akaguna.

Robo saa kila siku! Nimetengeneza saa za watu miaka thelathini na minne. Siwezi kukosa njia bora kuliko hiyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Njia bora: chandarua. Jani lisipogusa maji, hakuna cha kuchota. Nikatoa kile kikubwa cha kitanda chetu (samahani), nikakitandaza juu ya bwawa, pembe zake nikazifunga kwenye viti vinne vya chumba cha kulia. Kazi safi. Nikaketi kuitazama.

Jirani yetu Dereva, ambaye tangu aache kuendesha mabasi amekuwa akiendesha maisha yangu, alichungulia juu ya ukuta. Akauliza kama nawakinga mbu wasizame. Nikamjibu angoje aone.

Tukaona wote wawili. Majani yalijaa katikati, chandarua kikalemewa, viti vikaanza kutembea. Vyote vinne! Polepole, kwa heshima, kama wazee wanaokwenda kuoga. Kimoja nilikiwahi mguu. Vitatu vilizama. Dereva akasema amebeba abiria wa kila namna, lakini hawa ndio wa kwanza kushuka bila kuambiwa.

Nimevivuta kwa kamba hadi saa kumi. Kile ulichokuwa ukikalia wewe kimepasuka mgongo. Nimekipaka gundi. Usiwe na wasiwasi.

Majani: zaidi ya jana, na nyuzi za chandarua juu yake.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo hili si langu, kwa hiyo lawama si zangu. Dereva alisema bata hula chochote kinachoelea. Akaniazima wake sita, akawapitisha juu ya ukuta mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina lake. Kuhusu yule mweupe, Dereva akaniagiza nisimpigie kelele, ana moyo mwepesi.

Bata waliogelea. Hilo lazima niwasifu. Lakini jani kavu hawakuligusa hata moja. Walikula mkate wangu, wakala kamba ya kiatu changu cha kushoto, kisha wakaacha majini kila kitu ambacho bata huacha. Hadi adhuhuri bwawa lilikuwa la kijani. Nikijaribu kuwatoa, wanakwenda upande ule. Nikizunguka, wanarudi upande huu. Yule wa moyo mwepesi ndiye aliyeniuma.

Nikamwambia Dereva bata wake hawana adabu. Akasema bata wake hawajawahi kulalamikiwa na mtu mwenye akili. Akawaita kwa majina, wakarudi kwake. Hatujasemeshana tangu hapo.

Nimemwaga dawa ya maji bwawani, vipimo viwili badala ya kimoja. Inanuka mpaka sebuleni.

Jioni nimeumwagilia mti wako ndoo tatu kama kawaida. Uliniambia siku ile, umenishika kidole gumba kwa sababu hukuwa na nguvu ya kushika mkono wote, kwamba nisiusahau mti. Sijausahau. Miezi minane, sijaruka jioni hata moja. Bomba liko mbele ya nyumba na mpira wa maji ni mzito, lakini bwawa liko hatua tatu tu. Nachovya ndoo, namwaga shinani, nachovya tena. Hata hivyo tangu uondoke, mti unapukutisha majani kuliko miaka yote. Nadhani nao umefiwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nililala nikiwaza, nikaamka na jibu. Majani yanaanguka kwa sababu yapo juu. Yakiisha juu, hakuna kitakachoanguka! Kwa nini hakuna aliyewahi kufikiria hili?

Nikatandika mashuka yote ya nyumba chini ya mti. Nikapanda ngazi na ufagio. Nikapiga tawi baada ya tawi, na majani yakashuka kama yalikuwa yakingoja ruhusa. Yote juu ya mashuka! Nilishangilia nikiwa juu ya ngazi, jambo lisilofaa kwa mtu wa umri wangu.

Kisha upepo. Mmoja tu, mfupi. Ukainua mashuka kwa pindo zake, ukamimina kila kitu bwawani, na shuka moja la maua likafuata.

Dereva aliruka ukuta. Nilidhani amekuja kucheka. Alikuwa amekuja kushika ngazi, kwa sababu ilikuwa ikiyumba nami sikujua. Akaniteremsha, akanikalisha juu ya ndoo aliyoipindua. Halafu akavuta hewa puani. Akainusa ndoo. Akashika udongo wa shinani, akaunusa pia.

Akaniuliza mti huu huwa naumwagilia maji gani.

Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia hilo nalo.

Hakucheka, Mwalimu. Laiti angecheka. Alisema taratibu kwamba dawa inayoua uchafu majini haijui kuchagua. Mizizi ya mti nayo inaungua. Ndiyo maana majani yanaanguka. Yakianguka, maji yanachafuka. Yakichafuka, naongeza dawa. Na dawa hiyo hiyo naurudishia mti kila jioni kwa mkono wangu, tena kwa upendo.

Nikateremka kwenye ndoo. Nilikaa chini pale pale kwenye mashuka. Umeniachia kitu kimoja tu cha kutunza.

Dereva akarudi kwake. Punde nikasikia kitu kikikwaruza ukuta. Ulikuwa mpira wake wa maji. Akaulaza shinani, akaufungulia, akasema uache utiririke, udongo ujioshe. Akaongeza kwamba bata nimwachie yeye. Hasira zao zitaisha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilitaka kumdanganya binti yetu. Naandika ukweli kwa sababu wewe ungejua tu. Nilikuwa nimeandaa maelezo kuhusu ugonjwa wa miti unaoletwa na upepo.

Wakaja saa kumi na moja. Yeye, na fundi wa msumeno, mtu mfupi mpole aliyevua kofia alipoingia. Wakatazama mti: mtupu kama mpini wa jembe. Wakatazama bwawa: maji hayaonekani. Binti akaniangalia, na maelezo yangu yote yakayeyuka. Nikamweleza kila kitu. Chandarua, viti, bata, ufagio. Mwisho ndoo tatu. Nikasema, “Mama yako aliniomba nisiusahau mti, na mimi nimeuua.”

 Akageuka, mabega yakaanza kutikisika. Nikafikiri, haya, nimemliza mtoto. Nikamwendea. Alikuwa anacheka! Anacheka na kulia kwa pamoja, anashindwa kusimama, anarudia “tena vipimo viwili, baba, vipimo viwili!” Sijamsikia akicheka tangu tukuzike. Nami nikaanza. Fundi wa msumeno akavumilia kidogo, kisha akashindwa naye.

Baadaye fundi akaukwaruza mti kwa ukucha. Chini ya gamba: kijani! Akasema bado uko hai. Apewe maji safi na watu wamwache apumzike. Alisema “apewe” kama anavyosemwa mtu. Nikampenda hapo hapo. Binti akamwambia aweke msumeno chini, achukue wavu. Watu wanne, pamoja na Dereva aliyejialika, tumejaza magunia tisa.

Masharti ya binti: mti unabaki. Mimi nachota majani kila asubuhi kwa wavu. Na nikipata wazo lolote, nimpigie simu kwanza. Nimekubali yote matatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamekuja sita! Maji unaona mpaka vigae. Kivuli hakikuwepo, kwa hiyo nilisimama nyuma ya akina mama nikiwashikia miavuli miwili, mmoja kila mkono. Mama mmoja akaniuliza kama nalipwa.

Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka sita, aligoma kuingia. Akasema ataingia tu akimfuata mtu mwingine anayeogopa maji. Binti yetu hakuangalia huku na huku. Aliniangalia mimi moja kwa moja.

Miaka thelathini na moja ulinibembeleza niingie majini, nikasema kesho. Leo nimekunja suruali, haikusaidia, nikaingia na nguo zangu mpaka kiunoni. Maji baridi! Yule msichana akanishika kidole, akasema, “Babu, usiogope, ni maji tu.” Tukatembea hivyo hadi ukuta wa pili. Dereva alipiga makofi akiwa juu ya ngazi yake.

Laiti ungekuwepo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimechota kwa wavu. Majani manne, yote yamepeperuka kutoka kwa Dereva. Dakika sita. Binti alisema kweli, na nimemwambia hivyo kwa simu. Akaniuliza kama ninaumwa.

Mti umepata maji safi. Lakini nimewaza, mgonjwa gani hupona kwa maji matupu? Wewe mwenyewe hukuruhusu mtu alale kitandani bila kitu cha kutia nguvu. Kwa hiyo ndani ya ndoo nimekoroga asali vijiko vitano, chai iliyobaki, na vidonge vyangu vya kuongeza damu, nimevisaga kwanza. Sikumpigia binti. Hili si wazo, ni huduma.

Sisimizi wameanza kupanga foleni kutoka ukutani hadi shinani, foleni nzuri, nyembamba. Usijali. Nimeshapata njia ya kuwaondoa, nangoja tu Dereva aniazime kuku wake.

Huko uliko, Mwalimu wangu, nikumbuke.