Afu au Kilua: Mpango wa Kumrudisha Nadhira

Jumamosi, 24 Februari

Nimeamka nshachoka. Mke wangu Nadhira bado yuko kwa kaka yake Mahfoudh, Michenzani, ghorofa ya nne. Alihama siku nilipoung'oa mwasumini wake uani, ule alioupanda mwaka tuliooana, ili nipate pa kufugia kware. Kware wakaruka, wakaenda zao. Mke naye akaenda zake. Nimebaki na shimo.

Ramadhani hiyo inakuja. Jana niliiona futari yangu itakavyokuwa: mimi, chai ya rangi na mkate wa boflo uliolala. Machozi yalinilenga. Nataka mke wangu arudi kabla mwezi haujaandama, basi, sitaki jengine.

Bi Sichana, jirani yangu wa mlango wa pili, anasema niende nikamuombe radhi, yaishe. Nimemwambia goti langu haliwezi ngazi. Akalitazama goti. Wakati huo nilikuwa nimechuchumaa nasafisha samaki.

Radhi siombi. Nitapanda ua jipya shimoni, linukie, habari zimfikie, arudi mwenyewe. Asumini hapana, maana itakuwa kama nimekiri kosa. Nataka ua la asili ya kwetu, lenye kuishi miaka na lisilotaka kubembelezwa.

Jumapili, 25 Februari

Nimekwenda mpaka karibu na Jozani kwa Ayoub, muuza miche. Kanitolea miwili, yote ina maua: mwafu, ule mwasumini wa mwituni, na mkilua. Nikamuuliza upi bora. Akasema inategemea. Siwapendi watu wa inategemea!

Mwafu, anasema, hutambaa upesi na kujaa maua meupe, lakini hauna adabu, huingia madirishani kwa watu. Mkilua ni wa polepole na mkaidi. Ua lake hujificha kwenye majani, ila harufu ikishaingia chumbani haitoki. Nikaona wa kwanza ni mimi na wa pili ni Nadhira. Sikumwambia Ayoub. Nimechukua yote miwili na makopo yake, ishindane.

Jumatano, 28 Februari

Maji ya bomba yamekatika. Mwafu nimeumwagilia maji ya kisima cha uani, ambayo ni ya chumvi, kila mtu anajua. Mkilua nimeupa maji yangu ya kunywa, kwa sababu nauogopa. Bi Sichana kachungulia, akasema hayo si mashindano, ni dhulma.

Mwafu umekunja majani. Maua yamedondoka chini kama mchele uliomwagika. Mkilua umetulia, hautaki habari na mtu. Nimeutangaza mshindi, ingawa sikufurahi kama nilivyotaraji.

Ijumaa, 1 Machi

Nimepata wazo! Kwa nini nimsubiri Nadhira anuse kutoka Michenzani? Harufu imfuate!

Nimemuomba Bi Sichana anifungie kikuba, kile kishada cha kunukia cha kuvaa kifuani: vilua vyangu, rehani na langilangi zake. Kakifunga kikapendeza. Akaniuliza kama nnakipeleka mwenyewe, maana kikuba ni siri ya mume na mke, hutiwa mkononi. Nikamwambia kwani mimi mtoto?

Nimekwenda baada ya alasiri. Ngazi zote nimezipanda, goti halikusema kitu. Mlangoni nikasikia sauti ya Mahfoudh anakohoa ndani. Nikakitundika kikuba kwenye kishikio cha mlango, nikapiga hodi, nikashuka mbio. Jina sikuacha. Mke wangu atajua tu.

Jumapili, 3 Machi

Balaa! Aliyefungua mlango si Nadhira. Ni Muzdalifa, mke wa Mahfoudh. Mahfoudh alikuwa keshaingia kuoga, hakuona kitu, na maskini yule akadhani mumewe kamtundikia pale alipokuwa akirudi nyumbani, baada ya miaka yote hii. Akafurahi, akakitia kifuani, akapika biriani. Mahfoudh akakaa kula, akanusa, akauliza nani kampa. Biriani haikuliwa.

Bi Sichana kazipata habari hizi sokoni Darajani, kwenye mafungu ya ndizi. Huko kila mtu anazo.

Adhuhuri Mahfoudh mwenyewe kaja kwangu, na bakora. Kakaa barazani, akaniuliza kwa unyonge, shemeji, unamdhania nani? Nikasema pengine fundi wa feni. Akasema hana feni. Halafu akainua pua, akauliza uani kwangu kunanukia nini. Nikasema sabuni. Akaondoka kainamisha kichwa, na mimi nikajiona mtu duni kabisa.

Jumatatu, 4 Machi

Muzdalifa anafunga mizigo, anataka kurudi kwao Makunduchi. Kwa hiyo nimefukuza wake wawili. Subhanallah.

Nimeubeba mkilua niufiche kwa Bi Sichana. Nafungua mlango, huyu hapa Nadhira!

Alijua toka Ijumaa. Alichungulia dirishani, akaniona nikikata mbio huko chini, na goti langu. Alinyamaza akingoja niende niseme kama mwanamme. Sikwenda. Leo asubuhi imembidi amwambie kaka yake ukweli, ili nyumba ya watu isivunjike kwa ajili yangu. Akasimama pale mlangoni, akaniambia haya, sema.

Nimesimama na kopo la mkilua mikononi. Nikasema mwasumini ulikuwa wake, sikuwa na haki, na nyumba haikaliki bila yeye. Hakucheka, na mimi nikashukuru.

Nikamuonesha mshindi. Hakuutazama. Kaupita, kauchukua mwafu, kauosha mizizi kwa maji matamu, akaupanda shimoni. Kasema huu ndio uliodhulumiwa. Mkilua nikaambiwa niupeleke kwa Muzdalifa, ghorofa ya nne, mchana wa jua kali, nikaombe radhi huko pia. Mahfoudh alinifungulia. Bakora hakuitumia, lakini hakuiweka chini.

Alhamisi, 7 Machi

Alhamdulillahi. Nadhira yuko jikoni, nyumba inanukia iliki. Mwafu umetoa jani jipya. Ameniapisha kwamba uani sitagusa kitu maisha yangu yote bila ya kumuuliza. Nimeapa, na nimekusudia kwa moyo wangu wote.

Leo asubuhi kanituma juu ya paa kuanua nguo. Miaka yote naishi humu, sikuwahi kulitazama vizuri lile paa. Pana! Tambarare! Jua tele! Matangi ya kufugia samaki wa perege yanaenea mawili, pengine matatu. Na paa si uani. Pana kamba zake za kuanikia tu, na hizo nitazikata kesho akienda sokoni. Sitamwambia mpaka nimalize. Nataka afurahi.