Ombi la Fundi Bomba la Kuacha Kusalimiwa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mchanganyiko na Mshikamano,
Hapa hapa chuoni.

Mheshimiwa Profesa, shikamoo.

YAH: KUSALIMIWA KUPITA KIASI

Mimi ni fundi bomba wa jengo la utawala na mabweni yote manne. Ni mzima wa afya, isipokuwa sikio la kulia, ambalo nitalieleza zamu yake ikifika. Nakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa na malalamiko yafuatayo:

1. Kuteuliwa kwangu. Katika kikao chenu cha nne, kamati yenye kazi ya kuchanganya watu iligundua kwamba wajumbe wote sita ni walimu wa takwimu, wa ghorofa moja, na watatu mmenunua miwani duka moja. Mimi nilikuwa pembeni nafunga koki. Nyote mkageuka kunitazama. Mheshimiwa, nimeoa miaka ishirini na mitatu. Macho ya mtu anayetaka kunituma nayajua. Kabla sijakusanya spana zangu nilikuwa mjumbe. Kwenye fomu niliwekewa alama sehemu saba: wafanyakazi wa mikono, wazee (nina miaka hamsini na moja), wasio na shahada, wanaokaa mbali, wanaotumia mkono wa kushoto, mapacha, na "mengineyo". Hayo mengineyo sikuyauliza, nikihofia nitajibiwa. Lakini pacha wangu, ambaye ni kinyozi, amenipigia simu akifoka kwamba namwakilisha bila idhini yake.

2. Salamu zenyewe. Miaka ishirini na miwili nimepita kwenye korido hizi kama upepo. Mkabandika tangazo: "Leo Msalimie Usiyemfahamu." Chuo kizima kikanichagua mimi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuna aliyekuwa anamfahamu. Wala hawaishii kwenye hujambo. Wanataka niwaeleze safari yangu ya maisha. Raba ya koki niliyokuwa nabadilisha kwa dakika nne sasa inakula saa nzima. Mwalimu wa historia alifikia hatua ya kuja kulala chali kando yangu chini ya sinki, ati tuzungumze kwa usawa. Nafasi ile haimtoshi hata mtu mmoja na nusu. Alipoinuka ghafla kukubaliana nami, paji la uso wake likatua kwenye sikio langu. Ndilo lile la kulia.

3. Rafiki wa kupangiwa. Mlitia majina kapuni ili kila mtu anywe chai na mwenzake wa maisha tofauti kabisa. Mimi nilimwokota mpishi mkuu wa bwalo, ambaye ni mke wangu. Wakati huo tulikuwa hatuzungumzi, kwa sababu bomba la nyumbani kwetu linavuja kwa miezi minane sasa. Mganga hajigangi, nilimwambia, na hilo ndilo lililomfanya aache kuzungumza. Sasa karatasi yenu ya maswali ikamtaka ataje jambo kunihusu ambalo watu hawalijui. Alitaja kwa dakika arobaini. Katibu wa kamati akaandika yote, akayasoma mbele ya kikao kama mfano bora wa mazungumzo magumu. Kikao kikampigia makofi. Mke wangu, si mimi.

4. Siku ya Mshikamano. Hapa naomba usome ukiwa umekaa. Tulikuwa watu mia mbili ukumbini, tumeshika kamba moja kwa duara, na kanuni ilikuwa haachii mtu hadi kila mmoja ajue majina ya wote. Tulipofika jina la thelathini, bomba la juu ya jukwaa likapasuka. Nikasema naenda kufunga koki kuu. Mwenyewe ukanizuia: "Usiachie, Fundi! Tuko pamoja!" Maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu nikasema tena. Mkapiga kura. Ikaamuliwa twende sote.

Mheshimiwa, umewahi kuona watu mia mbili wakishuka ngazi kimbavumbavu? Mkuu wa maktaba alipoteza kiatu, akasisitiza tusisimame. Mlangoni tulikwama, tukaimba kidogo, tukapita. Spana ilisafiri kutoka mkoba wangu uliobaki jukwaani, mkono kwa mkono, ikapita kwa wanafunzi, kwa walinzi, kwa mwalimu wa falsafa aliyeitazama mno, hadi kwa mke wangu, aliyenikabidhi akisema, "Kumbe ukitaka unaweza." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu nje ya karatasi ya maswali. Nikafunga koki kwa mkono wa kushoto. Ukumbi ukashangilia, na ripoti yenu ikaandika kwamba maji yalidhibitiwa na kamba.

5. Tangu siku hiyo siwezi hata kuingia msalani nikatoka kwa wakati. Foleni nzima inaniita Fundi Wetu.

Kwa hiyo naomba: niondolewe kwenye kamati, nishonewe fulana iliyoandikwa mgongoni "HASALIMIWI", na yale makundi saba yagawiwe watu saba, tena wasio mafundi, maana mabomba ya chuo hiki hayana mwingine.

Nisalimie wajumbe wote, katibu, walinzi wa lango la nyuma, dada wa mapokezi aliyejifungua salama, na mzee wa bustani na goti lake. Waambie nawauliza hali mmoja mmoja.

Wako mtiifu,
Fundi Bomba,
kwa niaba ya makundi saba.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga barua hii, nimeifungua tena. Wiki hii mmekwenda semina na wanafunzi wako likizo. Leo nimebadilisha raba kumi na moja kabla ya saa sita, bila mtu kuniuliza lolote. Saa saba akaja msoma mita, mgeni kabisa, ana haraka. Nikamwambia mita iko upande ule, nikampitisha njia ndefu. Ana watoto wanne, anaogopa paka, na alitaka kuwa mwimbaji. Mleteni kwenye kamati, akae karibu nami. Mimi msinitoe.