Kilichokwaruza Ndani ya Tenga la Asumini

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani kwa mjukuu wangu Tatu, hapa Kibiti, na mtu akibisha hodi nanyamaza kama sipo. Wengine mmeshaiona video. Ambao bado, nisikilizeni mimi kwanza kabla hamjaletewa na waongo.

Tatu ni mpambaji wa harusi. Si wale wa kubandika maputo mawili ukutani wakaita kazi. Aliyemfundisha ni mimi. (Nisipojisifu mie, nani atanisifu?) Amekulia miguuni kwangu kule kisiwani, mimi natunga makoja ya asumini, yeye ananipokonya sindano. Hajaanza shule, tayari anajua kikuba cha bibi harusi, kile kishada cha maua ya kifuani, hakifungwi kwa uzi mweusi. Ukimuuliza leo mapambo yake anayatoa wapi kichwani, atakwambia kwetu, kwenye mikoko. Kwa harusi hii alijenga tao la fito zilizopindwa, kama mizizi ya mkoko inavyosimama maji yakipwa. Juu yake aning'inize asumini mbichi, koja kwa koja, kama mvua inayoteremka. Bila asumini, lile ni banda tu.

Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja aliyekaa Dar akarudi na shingo ndefu, alitaka maua ya plastiki.

"Ya plastiki hayanyauki," alisema.

Tatu akamjibu, "Bibi yangu ataleta asumini, shangazi. Zisipofika, usinipe kazi tena, na kila utakakopita useme Tatu hajui kazi."

Mtoto kaliweka jina lake rehani kwa maua yangu. Na hii ndiyo harusi yake ya kwanza ya ukumbini.

Basi jana jioni nikachuma, nikatunga mpaka vidole vikaota sugu. Makoja nikayalaza kwenye majani ya mgomba ndani ya tenga, nikaliacha barazani wazi yapate umande. Alfajiri nikatandaza gunia bichi juu, nikashona mdomo kwa kamba, nikapanda boti ya kwenda Nyamisati. Kikuba kimoja nikajibandika kifuani. (Mpambaji asiyenukia ni sawa na mpishi mwenye njaa.)

Boti ilijaa matenga. Athumani, yule anayefanya biashara ya kaa, alikuwa na lake, gunia juu kama langu, yamekaa ubavu kwa ubavu, analipeleka kwa mnunuzi wake Bungu. Jua lilipopanda akaanza kulimwagia maji ya chumvi kaa wake wasife. Mimi moyo ukanipasuka. Maji ya chumvi yakiigusa asumini, imekwisha, inageuka rangi ya chai. Nikasimama, nikaliburuta tenga langu mpaka mbele kabisa, nikalifunika khanga yangu ili kila mtu ajue ni la nani. Halafu kwa wema wangu nikampa Athumani ndoo, nikamwambia, "Haya, mwanangu, sasa mwagia utakavyo."

Kumbukeni huo wema.

Nyamisati nikajifunga tena khanga yangu, nikapata bodaboda, baba mtu mzima mwenye ndevu. Akalifunga tenga nyuma yangu kwa mpira, huku anahema.

"Maua gani haya mazito hivi, Bibi?"

"Yamekunywa maji."

Na mimi nililiona zito. Nikasema moyoni, ndio uzee huo.

Tulipoiacha bandari nyuma, nikasikia kitu. Kwaru.

Nikajisemea ni fito za tenga. Tukaenda. Kwaru, kwaru. Nikajisemea ni mpira wa kufungia. Kisha kikatoa pumzi, psss, nyembamba, usawa wa figo langu.

Hapo damu ikanihama.

Sisi kwetu tumelijua hili tangu tukinyonya: maua yenye harufu kali huita nyoka. Asumini, mkadi, kilua, ukiyaweka pamoja usiku, chungulia chini kabla hujakanyaga. Na mimi tenga nimelilaza barazani wazi usiku kucha. Kisha kwa mkono wangu mwenyewe nimemshonea mwenzangu ndani, safari njema.

Mtaniuliza, mbona hukusema? Ningesemaje? Dereva angelitupa tenga zima porini, na jina la Tatu lingebaki huko huko kwenye majani. Tena nyoka aliyetoka kwenye maua ya bibi harusi si jambo la kucheka. Wangesema nimetumwa. Ndoa ikilegea mwakani, mimi. Mtoto akichelewa, mimi.

Nikamkumbatia dereva.

"Bibi, unanibana."

"Barabara mbaya."

"Hapa mbona pako sawa?"

"Endesha."

Mbele kidogo kitu kigumu kikapenya kwenye matundu ya tenga, kikanigusa mgongoni. Kikagusa, kikarudi ndani, kikagusa tena pembeni kidogo, kama kinachagua nyama laini. Nikaanza kusoma Kul audhu. Nikachanganya. Nikarudi kwenye Alhamdu, nikachanganya tena, nikajikuta nasoma dua ya kula. Nikajisemea, huenda huyo wa nyuma ndiye anayeitikia amina.

Bungu dereva akasimama kutia mafuta. Nikashuka, nikaenda kusimama mbali. Yeye akainama kukaza mpira. Akatulia. Akasogeza sikio.

"Bibi, humu mna kuku?"

"Maua."

"Mbona yanakwaruza?"

"Ya plastiki ndiyo yananyamaza. Haya yako hai."

Akanitazama mimi, akalitazama tenga.

"Mimi nina watoto, Bibi."

"Na mimi nina wajukuu. Lihamishie mbele kwako, tuondoke."

Akakataa katakata. Tukaondoka vile vile, mimi katikati, nimejikunja mbele kama ndizi, mgongo wangu na tenga havitaki kujuana. Sijui kama nilifumbua macho kabla ya Kibiti.

Ukumbini Tatu akanipokea mbio. Kavaa dera lake la kazi, pini zimejaa mdomoni. Tao nimelikuta limesimama, zuri la kutisha, fito tupu zinasubiri nguo. Mbele yake kiti cha bibi harusi, cheupe, na zulia jeupe mpaka mlangoni.

"Bibi, umeniokoa. Tufungue haraka, watu wameshaanza kuingia."

"Ngoja lipumzike kwanza."

"Nini kipumzike?"

"Tenga. Limetoka mbali."

Tatu akatoa pini mdomoni. "Bibi, unaumwa?"

"Niletee fimbo."

"Fimbo ya nini?"

"Ya kufungulia. Na hao watoto waondoe hapa."

Sasa yeye akanitazama kama ninavyowatazama mimi wazee waliorukwa. Na kabla hajasema neno, akaingia shangazi, kamshika mkono bibi harusi, wamekuja kupiga picha kabla shughuli haijaanza. Nyuma yao kina mama, madera, manukato, simu juu.

"Maua yako wapi, Bi mkubwa?" shangazi akauliza, kwa sauti ya kusikiwa na wa nje. "Au ndio yameshanyauka?"

"Yamo humo."

"Mbona hamuyafungui?"

"Yanataka mwenyewe."

"Mwenyewe si huyu hapa," akasema, akamsogeza bibi harusi mbele. Kisha akachukua kisu cha keki, akaikata kamba ya tenga langu kwaa.

Nikamwona yule binti, hina mkononi haijafifia, kainama kuchungulia. Nikamwona na Tatu wangu, kaunganisha viganja anasubiri kusifiwa. Nikasema, bora aniume mimi. Nikampiga kikumbo shangazi, nikamrudisha nyuma bibi harusi, nikaliinua gunia kwa ncha ya fimbo.

Kitu cheusi, kinang'aa, kikainuka kati ya majani.

"Nyoka!"

Sikumbuki nilivyopanda. Nilijikuta tu niko juu ya kiti cha bibi harusi, miguu miwili na tope langu la Nyamisati, fimbo juu, mtandio huko, khanga iko chini sakafuni. (Nilikuwa na gauni ndani, msiongeze yenu.) Ukumbi ulitoka kwa milango yote na dirisha moja. Shela ya bibi harusi ikanasa kwenye tao, akakimbia nalo hatua kadhaa, Tatu akalidaka upande likabaki limeinama. Viatu vilibaki mlangoni kama msikitini. Mama mmoja alikuwa anakimbia kinyumenyume huku anarekodi. Kibiti hii mtu anaweza kumkimbia nyoka na simu isitikisike mkononi.

Nyoka akapanda ukingo wa tenga. Akaanguka puu. Akajiinua. Akaanza kutembea juu ya zulia jeupe, polepole, ubavu ubavu, macho yake mawili juu ya vijiti.

Kaa. Tena dume, gando moja kama kiganja cha baba. Kamba yake imekatika, inaburuzika nyuma. Akaifikia khanga yangu, akaikamata, akawa anaenda nayo.

Shangazi akatoa kichwa chini ya meza ya keki.

"Bi mkubwa," akasema, "nyoka wako ana miguu."

Hicho kicheko sikielezi. Kiliingia kwa milango ile ile waliyotokea.

Tatu hakucheka. Alikuwa ameinamia tenga, anaangalia kaa waliolala ndani wamefungwa kamba, kila mmoja kwenye kitanda chake cha majani ya mkoko.

"Bibi," akasema polepole. "Asumini ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nyoka angeniuma mimi, tungemaliza. Hili lilikuwa linamuuma Tatu, na shangazi kasimama pale anajipangusa magoti, anasubiri.

Nikashuka kitini. Nikapiga simu kwa Athumani, vidole vinabonyeza kila namba isipokuwa yake. Mwisho akapokea.

"Bi Mwajuma, umenifanyia nini? Nimemfungulia mnunuzi kaa, kumbe nimemletea fungate. Amenuna, hanisemeshi."

"Usiyamwagie maji, mwanangu, nakuomba."

"Si nimeshamwagia kule botini? Ndoo si ulinipa wewe?"

Nikakaa chini.

Alikuja, Mungu ambariki, kwa pikipiki kutoka Bungu na tenga langu mbele yake. Tukalifungua. Makoja ya juu yamegeuka rangi ya chai, kama nilivyojua. Ya chini, yaliyofunikwa na majani ya mgomba, yako meupe, machache.

"Nilisema plastiki," shangazi akasema.

Tatu akayapima makoja kwa macho, akalipima tao. Akatumbukiza mkono kwenye tenga la kaa (mimi nimetazama pembeni), akatoa matawi ya mkoko, akayasuuza, akaanza kuyafunga kwenye fito moja moja. Mimi nikakaa chini yake natunga upya, sindano inanichoma, sisemi ah. Asumini zote nzima akaziteremsha katikati tu, juu ya kichwa pale bibi harusi atakapokaa. Kiti akakivika kitambaa kingine.

Tulipomaliza, wallahi, lilikuwa kama kijito cha kwetu maji yakijaa, na mwezi umemwagika mahali pamoja. Bibi harusi alipoingia, vigelegele havikuwa vya kuombwa. Yule shangazi alijipiga picha chini ya lile tao mpaka wenye harusi wakamwomba apishe.

Ningetulia hapo. Lakini Athumani kuwahesabu kaa wake, mmoja hayupo, yule dume.

Kwa hiyo shughuli yote nimekaa chini ya jukwaa, fimbo mapajani, macho kwenye pindo la gauni la bibi harusi. Pindo likitikisika, naanza upya Kul audhu. Watu wakasema, tazama bibi wa mpambaji alivyo na mapenzi. Kaa huyo hajaonekana mpaka sasa hivi. Ukumbi huo kesho una watu wengine, na mimi simwambii mtu.

Nimerudi kwa Tatu, nimeoga, nikasema yameisha. Kumbe ile video ilishatangulia. Kibiti yote inayo, nasikia mpaka Mohoro. Nimeiangalia. Mimi niko juu ya kiti, mdomo wazi, jino langu moja linaonekana vizuri. Hilo nimelimeza. Lililonikata maini ni la nyuma yangu. Linaonekana tao la Tatu, fito kavu, limelala upande kama banda lililopigwa na upepo, na watu wanaandika, "Mpambaji mwenyewe ndio huyu?" Tatu kasoma, kazima simu, kageukia ukutani.

Sasa nasema na ninyi mnaonijua. Hilo tao lilikuwa halijavikwa. Lilivikwa baadaye, kwa mikono yake, na lilipendeza, na picha nawawekea hapa chini mkijaliwa nikijua pa kubonyeza. Mkiletewa ile video, nichekeni mimi mpaka mbavu ziume, nimeshazeeka, kicheko hakinichubui ngozi. Tao msilicheke.